Kesi ya Kinyozi na Pasi ya Ayi

Pasi ya mvuke ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu hutoa harufu inayokaribiana na ya wali unaoanza kushika chini ya sufuria. Nikiinusa popote, hata kwa dobi wa mtaani kwangu sasa, nageuza njia. Dobi anadhani nimehamia kwa mwenzake. Ninyi nitawaambia ninachokikimbia, maana nimekibeba tangu nina miaka kumi.

Nililelewa Guangzhou, ghorofa ya tatu ya jengo moja la nguo pale Guangyuan Xilu, ambako mama yangu alikuwa na kijiduka cha kukusanyia mizigo ya wateja wa Dar es Salaam na Unguja. Nilisoma shule ya Kichina, na jioni nilifanya kazi za shule juu ya marobota. Mama alijua Kichina cha sokoni tu: ghali, punguza, sitaki. Mimi nilijua hata cha kuchekea.

Chini ya ngazi za ghorofa yetu alikaa mshonaji mmoja. Jina lake sikuwahi kuliuliza. Tulimwita Ayi, kama watoto wa huko wanavyomwita kila mwanamke wa rika la mama zao. Alikuwa na cherehani, ubao, na pasi ya mvuke yenye bomba refu kama mkonga. Alipunguza viuno na kurefusha mikono ya nguo za wateja wetu, na kila nilipopita alinitupia kifungo kimoja kizuri, bila kuinua macho kwenye sindano.

Kila Jumamosi alikuja Mjomba Idrisa. Hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa kijana wa Tanga aliyesomea sheria kwa ufadhili, na pilau ya mama ndiyo iliyomfanya awe ndugu. Watu walimwita Wakili, ingawa hakuwa amewahi kusimama mbele ya hakimu yeyote. Ugenini hakuna aliyetaka kupeleka ugomvi polisi, kwa hiyo waliogombana walimngoja yeye. Walikaa juu ya marobota wakasema yao, naye akaamua huku anakula.

Alichokipenda kuliko vyote ni wanasheria wa Roma ya kale. "Sheria ya hapa, bibie, ni mtumba wa daraja la kwanza," alinieleza siku moja. "Wachina wameupokea kwa Wajapani na Wajerumani, Wajerumani wakautoa kwa Warumi. Kila mmoja kapunguza kiuno chake. Kitambaa ni kilekile."

Kisha akanipa kesi ya kinyozi. Kinyozi anamnyoa mtumwa kando ya mahali watu wanapocheza mpira. Mpira unapigwa kwa nguvu, unagonga mkono wa kinyozi, na wembe unakata koo la mtumwa. Nani mwenye kosa?

"Aliyepiga mpira!" nilisema.

"Wengi hujibu hivyo. Mrumi mmoja akasema, ngoja kwanza. Kama hapo ni mahali watu wamezoea kuchezea, kwa nini kinyozi aweke kiti chake hapo?"

Usiku ule raha ilininyima usingizi. Niligundua kwamba kosa lina miguu, linaweza kutoka kwa mtu mmoja likaenda kukaa kwa mwingine, na kinacholisogeza ni maneno. Hakuna mwanasesere aliyewahi kunifurahisha namna ile.

Sasa ije Jumamosi ya kisa chenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua ya Guangzhou isiyo na haraka, nami siku zote nilichezea uani, wachukuzi wanapopanga mizigo. Siku hiyo uani kulikuwa kumejaa maji. Nikachukua mpira wa raba ngumu ambao mama alikuwa ameletewa kama sampuli kutoka Yide Lu, mtaa wa maduka ya vitu vya kuchezea, nikaanza kuupiga ukutani kwenye korido, karibu na ngazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheza pale. Ayi aliniambia niache. Akaniambia tena, safari hii akiinyanyua pasi nione ilivyo moto. Nilimjibu, "Moja ya mwisho," na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomgonga mkono.

Pasi iliangukia gauni jeupe. Lilikuwa gauni la harusi la binti wa Mama Clarisse, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye alikuwa amekwenda tu kununua chai. Alirudi akakuta alama ya kahawia kifuani, umbo la pasi kamili.

"Robe ya mutoto yangu!" Ghorofa nzima ilimsikia. "Mama Rahma, kuja uone! Ndoa ni wiki hii!"

Tulijikuta sote dukani kwa mama: Mama Clarisse anahema, mama kanishika bega, Mjomba Idrisa na sahani yake, na Ayi amesimama mlangoni na gauni mikononi, akitazama midomo yetu.

"Mpira wa nani?" mama aliuliza, sauti ile ya chini niliyoiogopa kuliko makelele.

Hapo ndipo nilipoufungua mdomo. "Wangu. Lakini ni kama yule kinyozi, Mjomba. Pale ni mahali pa kuchezea. Kwa nini aweke pasi ya moto mahali watu wanapocheza?"

Mjomba alicheka hadi punje za wali zikamtoka. "Jamani! Katoto kananipokonya kazi!"

"Huyu ni avocat, wakili kabisa," alisema Mama Clarisse, na hasira ikamlegea.

Mjomba akaweka sahani chini. "Rahma. Huwa unacheza pale?"

"Ndiyo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Alinitazama kidogo. "Basi kama ni hivyo, aliyeweka pasi pale ndiye aliyejitakia." Akageuka, akamtafsiria Ayi hukumu: kwa kuwa mtoto hucheza pale siku zote, mwenye pasi ndiye mwenye kosa.

Ayi alinitazama mimi, si yeye. Aliongea polepole, na mle ndani ni sisi wawili tu, mimi na Mjomba, tuliomwelewa. "Mtoto hana haja ya kudanganya," alisema. "Labda mimi ndiye niliyekuwa siangalii akicheza."

Alilishona upya gauni lile kwa siku tatu, kwa kitambaa chake. Kisha habari zikamfikia meneja wa jengo kwamba pale chini ya ngazi watoto hucheza siku zote, naye akasema pasi ya moto haiwezi kukaa mahali pa watoto. Ayi alifunga cherehani kwenye kigari akaondoka. Mama alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Nilingoja ifike mwisho. Hakuna aliyekuja kunikamata, na korido ile nilipewa niichezee nitakavyo. Sikuupiga tena mpira mle.

Mwaka juzi, nikiandika riwaya yangu ya kwanza, nilimpigia Mjomba, ambaye sasa anafundisha sheria nyumbani, nikamwambia yote.

"Nilihisi," alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza mara mbili. Wale wazee wa Kirumi, Rahma, hawakuwa wanatafuta ukweli. Waliletewa mambo yamekwisha kupangwa, wakajibu: kama ni hivi, basi ni vile. Kujua kama kweli ni hivi ilikuwa kazi ya hakimu."

"Na siku ile hakimu alikuwa nani?"

"Ayi mwenyewe alisemaje?" aliuliza. "Kabla ya hukumu. Sikumbuki alichosema."

"Hukumwuliza, Mjomba."

Nami ndipo nilipoiona kesi yote ilivyokuwa. Tuliiendesha kwa Kiswahili tangu mwanzo, juu ya marobota yetu, na mwanamke aliyekuwa anahukumiwa alipewa kwa lugha yake jibu la mwisho tu. Mle dukani wawili tungeweza kumwuliza kilichotokea. Mjomba hakumwuliza kwa kuwa alikuwa amependezwa na mwanafunzi wake. Mimi sikumwuliza kwa kuwa jibu nilikuwa nalo.