Madirisha Niliyoyang'oa Buffalo

Niliondoka Louisville siku ya Ijumaa, mwishoni mwa Aprili, kwa sababu ya maneno machache ambayo Pasta Byamungu aliyasema kwenye simu tukiwa tayari tunaagana. Alikuwa amenipigia kutoka Buffalo kuniomba nirudi kulitengeneza kanisa lao. Jiji lilikuwa limewaamuru warudishe madirisha ya mbao kama yalivyokuwa zamani, naye hakumfahamu fundi mwingine aliyelijua jengo lile. Nikakubali. Kisha akasema, kama jambo la kupita tu, "Mama Nabintu tulimutosha kwenye kazi ya karani. Alificha barua ya mji. Donc, ukifika utamukuta anakaa nyuma kanisani."

Walimwondoa bure; Mama Nabintu hakuficha barua. Barua ile alinipa mimi.

Mimi ni seremala, mzaliwa wa Ujiji. Kabla ya kuhamia Louisville nilikaa Buffalo, mtaa wa Kensington-Bailey, na huko nikafahamiana na Wakongo waliotoka Kivu. Walikuwa wamenunua kanisa la matofali mekundu lililojengwa na wahamiaji wengine waliokwisha kuondoka siku nyingi. Lilikuwa na madirisha kumi na mawili marefu ya mbao, yenye vioo vya rangi ya asali, na upepo wa baridi ulipita kila upande. Mimi ni Mwislamu, lakini hakuna aliyeniuliza habari ya dini. Walinipa kazi, nikawashauri tuyang'oe yote tuweke ya plastiki.

Siku ya tatu, nikiwa nimeshang'oa matano, Mama Nabintu alikuja na bahasha. Yeye ndiye aliyekuwa karani, anatunza funguo na makaratasi, ila Kiingereza kilikuwa kinamshinda. Nikaisoma barua palepale juu ya ngazi. Ilisema jengo hili linalindwa kisheria kwa ajili ya historia yake, na kwamba mtu haruhusiwi kubadilisha dirisha, mlango wala paa bila kibali cha bodi ya majengo ya kale. Niliielewa yote. Lakini madirisha mapya yalikuwa yamekwisha kuletwa, na juma lile lile nilitakiwa kuanza kazi ghalani huku Louisville. Zaidi ya hayo, mimi ndiye niliyetoa ushauri, na sikutaka kuonekana fundi asiyejua. Nikamrudishia nikamwambia, "Ni tangazo tu, mama. Wanatuma kwa mtaa mzima."

Akashukuru, akaiweka kwenye faili.

Ijumaa hiyo saa moja asubuhi nilitoka Highview, mtaani kwetu Louisville, na gari langu, randa na patasi zikiwa nyuma. Mke wangu Saada alinifungia maandazi na chupa ya chai. Alifurahi kwamba watu wa Buffalo hawajanisahau. Majirani alikuwa amekwisha kuwaambia kwamba mumewe ameitwa na kanisa, nami sikumsahihisha. Mpaka navuka mto kuingia Ohio nilikuwa bado natunga maneno ya kusema, na kila nilipoyarudia yalizidi kunipendelea.

Mchana nilifika Columbus, nikaenda hadi Westerville kwa binamu yangu Mwanaidi, muuguzi. Mumewe, shemeji Athumani, ni mhandisi. Aliposikia nakwenda kurekebisha jengo la kale, akasema lazima nikaone mtaa mmoja wa zamani karibu na katikati ya jiji. Tukaingia kwenye gari lake, binti yao akakaa kiti cha nyuma, akijibu kwa Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili.

Ni mtaa wa nyumba ndogo za matofali, njia zake nazo za matofali, na kila nyumba inalindwa. Kwenye baraza moja tulimkuta mzee wa Kizungu amelaza dirisha juu ya meza, anakwangua rangi. Nikamwambia mimi pia ni fundi, akafurahi kupata wa kuongea naye. Alinionyesha chuma kizito kinachoning'inia kwa kamba ndani ya ukuta, ili dirisha lipande na kushuka bila nguvu. Alinigusisha mbao, ngumu na yenye mistari iliyobanana. Miti ya namna ile haikatwi tena, alisema. Anayelitupa dirisha kama hili hataweza kununua jingine. Likioza pembe, unakata pembe tu na kuunga nyingine.

"Na upepo?" nikamuuliza. "Si unapita?"

Akanionyesha kamba laini ya kuziba upepo, unaibandika pembeni. Kazi ya asubuhi moja kwa dirisha.

Athumani akamwambia kwa fahari kwamba mimi nakwenda kuokoa kanisa zima. Mzee akanishika mkono. Nikautoa mkono wangu upesi. Nyuma ya kanisa la Buffalo kulikuwa na kontena la taka, nami nilikuwa nimeyarusha madirisha humo kutoka juu ya ngazi, moja baada ya jingine, nikisikiliza vioo vinavyopasuka.

Wakati wa chakula Mwanaidi aliniuliza, "Kaka, mbona huli? Pilau limekukosea nini?"

Nikamwambia nimechoka na barabara. Huo nao ulikuwa uongo, na ulitoka kwa urahisi ule ule wa kwanza.

Jumamosi asubuhi nilishika barabara ya kaskazini. Baada ya Cleveland ziwa lilionekana upande wa kushoto, la kijivu, na mvua nyembamba ikanisindikiza mpaka jimbo la New York. Saa tisa alasiri niliingia Bailey Avenue. Nililiona kanisa kabla sijaegesha gari. Nilipokuwa Louisville nilikuwa nawaonyesha watu picha yake kwenye simu, ushahidi wa kazi yangu. Sasa niliona kitu ambacho picha ilikificha. Madirisha meupe ya plastiki yalikuwa mafupi kuliko matundu, nami nilikuwa nimejaza nafasi za juu kwa mbao bapa na kuzipaka rangi. Lilikuwa kama uso wa mtu aliyefumbishwa macho nusu.

Pasta Byamungu alinipokea nyumbani kwake kwa mikono miwili. "Karibu, fundi. Ulifika muzuri?" Mkewe alipika bugali na sombe, kisamvu cha kwao, na samaki. Tulipokuwa tunakula nilikusudia kusema. Pasta akaanza kueleza jinsi ofisa wa jiji alivyokuja, jinsi walivyoitwa mbele ya bodi, jinsi walivyoona aibu kuambiwa kwamba barua ilitumwa mapema.

"Tulimuuliza Mama Nabintu," akasema. "Akasema weye ulimuambia ni tangazo. Bon, tukaona anatafuta mutu wa kubebesha. Weye unasoma Kiingereza muzuri. Ungesoma, ungetuambia."

Mkewe akaniongezea samaki. Nikashukuru, nikala. Nilikuwa nimepewa mlango ulio wazi kabisa wa kusema, nami sikuingia.

Jumapili saa nne ibada ilianza. Nilikaa mbele kwa sababu waliniweka mbele. Mama Nabintu alikuwa benchi la mwisho, karibu na mlango, amevaa kitenge cha buluu, na pembeni yake benchi lilikuwa tupu ingawa kanisa lilijaa. Macho yetu yalikutana. Hakunikunjia uso. Aliinamisha kichwa kunisalimu, kama mtu anavyomsalimu mgeni anayestahili heshima.

Pasta aliponitambulisha, watu walipiga makofi. Akaniomba niseme neno. Yale niliyoyatunga njiani yalinipotea, nikasema bila kupanga:

"Barua ya jiji Mama Nabintu alinipa mimi. Niliisoma yote na niliielewa. Ilisema tusiguse madirisha. Nilimwambia ni tangazo kwa sababu nilitaka kumaliza kazi. Yeye hakuficha kitu. Aliwaambia ukweli, na mimi nimejua tangu siku ile."

Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kitu kwa Kiingereza, akanyamazishwa. Pasta alisema "Bon" taratibu, akakaa, kisha akasimama tena. Akamwita Mama Nabintu aje mbele ili kanisa limuombe msamaha.

Mama Nabintu alisimama lakini hakutoka kwenye nafasi yake.

"Hapana, Pasta. Mimi siji," akasema. "Fundi alidanganya, alisema bongo mara moja, akaenda. Nyinyi mulikuwa wote humu. Nilisema kweli, mukasema ni bongo. Batu tuliokimbia nabo, tuliolala nabo kambini. Leo munaamini juu mwanaume amesema."

Akakaa. Pasta alifunga ibada kwa sala fupi. Nje, watu walionipigia makofi walipita karibu nami bila kunitazama, nami niliona ni sawa. Kilichonitesa ni kwamba walipita karibu naye pia bila kumtazama, kwa sababu nao walikuwa na aibu yao, na mimi ndiye niliyeileta.

Jumatatu saa tatu asubuhi nilikwenda kwake, mitaa miwili kutoka kanisani. Mlango ulifunguliwa na binti yake mkubwa, Esther, anayefanya kazi ya kulea wazee. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema mama yuko bustanini, akaniacha nizunguke mwenyewe.

Nikamkuta amepiga magoti kwenye udongo. Mbele yake, juu ya masanduku ya mbao yaliyojaa miche ya lengalenga, yaani mchicha, yalilala madirisha ya kanisa. Vioo vya asali vilivyosalimika, vingine vyenye nyufa, vilikuwa na unyevu kwa ndani, na majani madogo yalionekana chini yake. Niliyahesabu. Yalikuwa saba.

"Niliyatosha kwenye poubelle, kwenye taka, siku uliyatupa," akasema kabla sijauliza. "Nilikuombaka, ukasema nichukue tu. Yanakinga baridi. Huku ukipanda Aprili bila kufunika, yote inakufa."

Sikukumbuka kabisa kwamba aliniomba. Nikachuchumaa, nikagusa fremu. Rangi ilikuwa imebanduka, pembe mbili zimeoza, lakini mbao ilikuwa nzima, ngumu, yenye mistari iliyobanana.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Uliomba jana."

"Jana niliwaambia watu. Wewe sijakuomba."

Alichomoa jani bovu, akalitupa. "Ile siku, ulipokuwa unasoma, nilikuwa naangalia uso yako. Ukasoma muda mrefu. Nikajisemea, tangazo gani inasomwa muda mrefu hivi? Halafu nikajiambia, hapana, huyu ni mutu anasoma, anajua. Nikajikataa mwenyewe. Hiyo ndiyo inaniuma. Sikuweza hata kujiamini."

Nilifuta udongo kwenye fremu kwa kiganja.

"Bado sijakusamehe," akasema. "Mungu akinisaidia nitakusamehe, lakini haitakuwa leo. Madirisha chukua. Ni ya kanisa. Miche nitafunika na nailoni. Ila utayabeba mwenyewe, usimuite mutu wa kukusaidia."

Niliyabeba mwenyewe, moja moja, kwa miguu, mitaa miwili kwenda na kurudi mara saba. Ni mazito. Watu wa mtaani walinitazama kutoka vibarazani. Pasta alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, naye hakuja kunipokea mzigo. Nadhani alikuwa amekwisha kuambiwa sharti la Mama Nabintu.

Jumanne alasiri tulikwenda mbele ya bodi, Pasta, Esther na mimi. Esther ndiye aliyefasiri, hata maneno yangu mimi, kwa ombi la Pasta, ambaye hakutaka tena kutegemea Kiingereza changu. Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo, aliniuliza kama nilijua sheria nilipoyang'oa. Nikasema matano ya kwanza sikujua, saba yaliyobaki nilijua. Akaandika. Wakatupa ruhusa ya kuyatengeneza yale saba na kuchonga matano mengine kwa mfano wake, yote yawe yamerudi kabla ya theluji. Nikaahidi kuja kila nikipata likizo, bila malipo. Esther alilifasiri jibu langu neno kwa neno, bila kuongeza lolote la kunipamba.

Pasta aliniambia tukitoka kwamba wamemuomba Mama Nabintu arudi kwenye ukarani, naye amekataa. Funguo amewaambia wampe kijana anayejua kusoma Kiingereza.

Jumatano nilirudi moja kwa moja. Columbus sikusimama, nilimpigia Mwanaidi tu nikamweleza kila kitu kwenye simu nikiwa kituo cha mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. "Haya, kaka," akasema. "Athumani nitamwambia mwenyewe." Hakuniuliza nitapita lini tena.

Niliingia Highview jua likiwa bado juu. Saada aliniwekea maji ya kuoga na chakula, akakaa anisikilize habari za safari, nami nikamweleza tangu barua hadi bodi. Nilitegemea atakasirika. Alikunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Baba Asia," akasema hatimaye, "zile barua za shule za watoto unazonisomea. Na za hospitali. Huwa unanisomea zote?"

Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa kweli. Niliona kwenye uso wake kwamba hana njia ya kujua.

Juma lililofuata alijiandikisha kwenye darasa la Kiingereza maktabani, Jumanne na Alhamisi asubuhi. Nimebadilisha zamu ghalani ili niweze kumpeleka. Njiani hatuongei sana. Anashika daftari lake mapajani, na tukisimama kwenye taa anasoma mabango ya barabarani, moja moja, kwa sauti ndogo, na mimi simsaidii mpaka aniulize.