Mwamuzi Asiyekula Mbuzi

Nyama niliiacha kwanza kwa sababu haikutosha. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kifungua mimba wa watoto wanne, baba na mama walipoenda shambani upande wa Beni wasirudi. Niliacha shule, nikaanza kubeba mifuko ya saruji kwenye depo moja ya Kimemi, hapa Butembo. Siku ya nyama sufuria ilikuwa na vipande vitatu. Niliwagawia wadogo zangu, mimi nikala bugali na mchuzi. Miaka ikapita, wakakua, nyama ikaanza kutosha. Dada anayenifuata akaniwekea kipande changu. Nilikitazama. Sikukitamani, wala hakikunichukiza. Nilikirudisha kwenye sufuria.

Wakati huo nilikuwa tayari mwamuzi wa mpira. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipanda mlima mbio na kushuka. Nikaamua kuendelea bila nyama kwa makusudi, nione miguu itasema nini. Asubuhi uji wa soya, mchana maharagi, jioni sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa na karanga, bila ndakala, wale samaki wadogo wakavu. Avoka kila siku. Wiki za kwanza tumbo lilijaa hewa na mlima ulinishinda katikati. Dada akanifundisha kuloweka maharagi tangu jana yake na kumwaga yale maji. Mwezi wa tatu nilifika juu bila kusimama.

Niseme kwa nini mlima ule ulikuwa na maana. Tangu matanga ya wazazi sikulia. Watu walinisifu, wakasema nimesimama imara kama baba wa nyumba. Nilisimama, ndiyo, lakini ndani palikuwa na ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Ganzi hiyo iliachia uwanjani tu, nikikimbia nyuma ya mpira. Hapo nilisikia kifua changu kinapiga, nilisikia hata matusi. Dakika tisini, kisha inarudi. Bila mlima ule nisingezimaliza dakika hizo.

Kwetu timu inayokaribisha humlisha mwamuzi. Wenyewe hawaiiti hongo. Unakula, unashukuru, wanatulia. Mwaka jana nilitumwa kuchezesha mechi Mulekera, kule Beni. Nilipofika, rais wa timu, mfanyabiashara mwenye tumbo la heshima, alinikalisha mbele ya sahani ya mbuzi ya kuchoma.

"Arbitre, kula. Iyi mbuzi tulichinja juu yako."

"Sikulake nyama, papa. Munipatie tu avoka na chumvi."

Alicheka, akawatazama wenzake, akaacha kucheka.

"Donc bale bengine balikupatia nini?" Wale wengine, yaani timu ya wageni.

Nilimweleza habari ya maharagi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nimenunuliwa. Ingekuwa afadhali ningesema naumwa tumbo. Timu yake ilifungwa bao moja, kosa la kipa wake mwenyewe, na wiki hiyo hiyo barua yake ya malalamiko ilifika Butembo.

Mkuu wetu wa waamuzi, mzee aliyepuliza filimbi kabla sijazaliwa, aliniita. Alisema anajua sikununuliwa, ila lazima yule bwana ajibiwe. Aliyazungusha mambo mpaka yakaniangukia mimi.

"Mutu hakule nyama, miguu inatoka wapi? Utakimbia test tena, kule Beni, mbele yake. Ukishindwa, filimbi unarudisha."

Nyumbani dada alisikia habari, akanunua nyama ya ng'ombe. Hakupiga kelele. Aliweka bakuli mbele yangu na kukaa.

"Yaya, mkubwa wangu, kula wiki moja tu. Kisha utaacha tena. Nani atajua?"

Nilimwambia kwamba nikila halafu nikafaulu, nitakuwa nimewapa haki. Akaniuliza na nikishindwa je. Nilisogeza bakuli kando. Wadogo wengine walimaliza lile bakuli, na mimi niliwaangalia wakila.

Uwanja wa Beni una joto ambalo Butembo hatulijui. Tulikimbia watatu, mimi na waamuzi wawili wa huko. Unakimbia mita sabini na tano kabla filimbi haijalia, unatembea ishirini na tano, unarudia, mizunguko kumi ya uwanja mzima. Rais wa timu alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, kando ya mkuu wetu. Mzunguko wa saba mmoja wa wale wawili alishika ubavu na kutoka. Hakuna aliyemuuliza alikula nini.

Mzunguko wa nane mapaja yalianza kuwaka. Nilifika mstarini pamoja na filimbi, si kabla yake, na mkuu akainua kidole kimoja: onyo. La pili lingekuwa mwisho. Nilijua sasa wananitazama miguu, na nikagundua naogopa. Hofu kamili, kama ile ya mtoto. Nilikuwa sijaogopa kwa miaka mingi. Nilikimbia mizunguko miwili iliyobaki nikiwa nimeishikilia hofu ile, nisitake iishe.

Nilifaulu. Rais wa timu alisimama, akaniuliza yale maharagi ni ya rangi gani. Nikamwambia ya njano. Akakung'uta suruali na kuondoka.

Muuguzi aliyeletwa kwa ajili ya test alinishika mkono kunihesabu mapigo ya moyo. Alisema nisiongee. Nilisimama pale juani, vidole vyake juu ya mshipa wangu, nikingojea furaha. Mapigo yalikuwa mengi, kisha yakapungua, kisha yakawa ya kawaida, na ile ganzi ikarudi. Aliandika namba kwenye karatasi, akaniachia mkono. Mkuu aliniuliza kama Jumapili niko huru kuchezesha. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.