Kimiminika Kilichobaki na Hewa

Mama Mapovu hana utani na kazi. Katika maabara ya vipima mionzi, yeye ndiye hujaza kimiminika kinachomulika ndani ya chupa, kisha hupitisha humo gesi ya naitrojeni, mapovu yakipanda taratibu, mpaka hewa yote itoke. Wenzake humtania, "Mama Mapovu, chai bado haijachemka?" Wacheke tu! Mwale wa gamma ukigonga kimiminika hicho, mwanga huwaka na kuzimika upesi. Nyutroni, chembe ya mionzi ya aina nyingine, ikigonga, mwanga huacha mkia. Hewa ikibaki mkia hukatika, na kipima hakijui tena nani ni nani.

Haya yote anayajua fika. Sasa ilikuwaje akakosea? Haraka, basi! Siku ile gari la kuchukua kipima lilikuwa linapiga honi nje, mkuu wake kasimama mlangoni kakunja uso, naye akafunga gesi kabla ya wakati. Akakijaribu kipima kwa gamma peke yake, kikaitika vizuri, akakiachia kiende.

Na kilikwenda wapi? Kwenye ghala la vyuma chakavu, anakofanya kazi mdogo wake wa mwisho, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Kipima kikasema chuma chakavu kilichokuwa pembeni kinatoa gamma tu. Wakapanga ukuta wa matofali ya madini ya risasi, na mdogo mtu akawa anashinda nyuma yake, anapiga soga, anakula hapohapo. Wenzake wakisita, yeye huwaambia, "Njooni bwana, dada yangu kakijaribu kipima mwenyewe, kaniambia ni salama."

Risasi huzuia gamma. Nyutroni hupita humo kana kwamba hakuna ukuta.

Mama Mapovu alikuja kujua alipopeleka kipima kipya ghalani na kukiweka kando ya kile cha zamani. Mikia ikajaa kwenye kioo cha kile kipya. Jamani! Akakaa chini kwenye vumbi.

Jioni alimkuta mdogo wake nyumbani, kampakata bintiye. Akamweleza yote, hakuficha kitu. Mdogo wake alimshusha mtoto, akamsukuma polepole aende kwa mama yake, kisha akajisogeza mpaka ukutani.

"Mionzi haiambukizi, mdogo wangu," dada akasema huku analia. "Mbebe tu, mtoto yuko salama."

"Na kule ghalani uliniambia hivyohivyo, dada."

Mtoto akarudi mbio, kanyoosha mikono abebwe. Baba yake akaificha ya kwake nyuma ya mgongo.