Mahali pa Kumpeleka Dada

Dada yangu alikuwa mwoka keki. Mjini Kitale, watu waliotaka harusi yenye heshima walipitia kwake hata kabla ya kutafuta hema. Alioka nyumbani, katika chumba cha nyuma alichokipaka rangi mwenyewe, na mikono yake ilikuwa imetulia sana. Angeweza kuchora waridi la krimu huku anakusimulia habari za kanisani, bila hata kulitazama. Mimi ni fundi wa cherehani, nashona sare za shule hapa Bungoma, kwa hivyo mikono ya mtu ndiyo ninayoiangalia kwanza. Siku niliyomtembelea nikamkuta anabandika maua ya plastiki juu ya keki ya watu, sikuhitaji kuambiwa kitu.

"Siku hizi watu wanapenda hivi," alisema.

Chumba kilinukia vanila, na chini ya vanila kulikuwa na harufu nyingine.

Watu huniuliza kama ni mume aliyemfikisha pale. Mume aliondoka, ni kweli, lakini aliondoka wakati chupa zilikuwa tayari zimejaa nyuma ya mifuko ya unga. Hawakujaliwa mtoto, na hilo nalo watu hulitaja. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba alianza na pombe za dukani, zile za chupa ndogo zinazoingia kwenye mkoba, na kazi ilipopungua akahamia kwenye chang'aa. Ikafika Jumamosi moja ambapo familia ya bibi harusi, wakulima kutoka Mkoa wa Kati waliohamia Trans-Nzoia tangu enzi za babu zao, walikuja asubuhi kuchukua keki wakamkuta amelala sakafuni na oveni ni baridi. Mama wa bibi harusi hakupiga kelele. Alimfunika kwa leso yake, akachukua simu ya dada na kunipigia.

"Njoo umchukue mtu wenu," aliniambia. "Sisi tutakata mkate."

Nilimleta kwangu Bungoma. Mama yetu, aliyekuwa akiishi peke yake Naitiri tangu baba afariki, alikuja kumwona, akakaa kitandani pembeni yake akimsugua miguu kama mtoto mchanga. Kisha akanivuta nje, nyuma ya tangi la maji.

"Mwanamume akilewa, watu wanasema amelewa," alisema. "Huyu wataniuliza mimi nilimlea aje. Usiambie mtu."

"Mayi," nilimwambia, nikimwita mama kwa lugha yetu, "tukinyamaza tutamzika."

"Basi ambia daktari. Lakini si watu wa kanisa."

Dada alikuwa amesikia, maana dirisha lilikuwa wazi. Asubuhi yake alitoa chupa iliyokuwa imefichwa ndani ya viatu vyake vya mvua, akaimwaga kwenye karo mbele yangu. Akasema basi, ameacha. Hakuna aliyemlazimisha. Nililia kwa furaha, nikampikia uji wa wimbi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kuacha namna ile kungeweza kumuua.

Siku iliyofuata alianza kutetemeka. Jasho lilimtoka mpaka shuka ikalowa, na akawa ananiomba nipanguse siafu ukutani. Ukuta ulikuwa mtupu. Nilipangusa tu, kwa kitambaa, kwa sababu alikuwa anaogopa. Baadaye, nikiwa sebuleni nampima mteja urefu wa sketi, nikasikia kishindo chumbani. Nilimkuta amekakamaa, meno yameuma ulimi, macho yamegeuka.

Hospitalini tulimpata muuguzi mmoja, mama wa makamo kutoka upande wa Mlima Elgon, ambaye hakunigombeza wala kunifariji. Alimdunga dada sindano, akangoja mpaka mwili ukalegea, ndipo akaniuliza, "Nani alimwambia aache ghafla?"

"Aliamua mwenyewe."

"Ameamua vizuri, lakini hakujua njia. Mtu aliyekunywa miaka mingi, mwili wake umezoea. Ukimnyima pombe mara moja anaweza kushikwa na kifafa, anaweza kufa. Akitaka kuacha tena, mlete hapa kwanza. Kuna dawa, na anaangaliwa."

"Sasa amepona?"

"Hapana. Hapa tunatuliza mwili tu. Baada ya hapo anataka rehab, akae mahali, afundishwe kuishi bila hiyo kitu." Alifunga faili lake. "Ukianza kutafuta, uliza kwanza kama wanachukua wanawake."

Sikumwelewa. Nilidhani ni neno la kawaida tu.

Nilielewa kwenye geti la kituo cha kwanza, hapa hapa Bungoma. Palikuwa pazuri, pana miti, na vijana walikuwa wanacheza mpira uani. Msimamizi alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Hapa ni ya wanaume, mayi," alisema. "Mwanamke tutamlaza wapi?"

"Kwani wanawake hawalewi?"

"Wanalewa, bana. Lakini hakuna mtu huwa anawaleta."

Nilizunguka nikipata jibu hilo hilo kwa maneno tofauti. Mwingine alisema wanawake wataleta fujo kwa wanaume. Mwingine alisema wana mpango wa kujenga upande wa akina mama, akanionyesha mahali penyewe, na palikuwa pamepandwa sukuma wiki.

Jirani mmoja akatuelekeza kwa mhubiri upande wa Webuye, ambaye alisifiwa kwamba anaombea walevi wanafunguliwa. Tulienda sote wawili. Uani, chini ya banda la mabati, mwanamke wa umri wangu alikuwa amekaa chini anachambua maharagwe, mguu wake mmoja umefungwa mnyororo kwenye nguzo. Alikuwa anachambua kwa utaratibu, mabovu kando, kana kwamba ule mnyororo ni kiatu alichokizoea.

"Huyu alikuja akiwa mbaya kuliko wenu," mhubiri alituambia, akitabasamu. "Sasa muone vile ametulia."

Dada alinishika mkono wa blauzi. "Mdogo wangu, twende," alisema polepole. "Hata kama nitakufa, twende."

Tuliondoka bila kuaga. Nilitaka kumripoti yule mhubiri, na nilimripoti kwa chifu. Chifu akasema amesikia. Mpaka leo sijui kama kuna aliyekwenda kumfungua yule mwanamke.

Kitale kulikuwa na nyumba ya kukodi katika mtaa, imeandikwa kwa rangi ukutani kwamba inatibu mihadarati na pombe kwa jinsia zote. Nilifurahi mpaka nilipouliza daktari anakuja lini. Kijana aliyetupokea akasema wanampigia ikihitajika. Nikauliza wanawake wanalala wapi. Akatuonyesha sebule, magodoro yameegeshwa ukutani, na mlango usio na komeo. Wanaume walikuwa kwenye vyumba vya ndani, na njia yao ya chooni ilipita hapo hapo sebuleni. Dada alitazama ule mlango muda mrefu. Nilichukua mkoba wake, tukatoka.

Afadhali kidogo ilikuwa kliniki ya hospitali pale Kitale, ambapo mshauri mmoja alikubali kumwona mara kwa mara, na akamwelekeza kwenye kikundi cha watu wanaojaribu kuacha pombe. Walikutana katika ukumbi wa kanisa. Dada alikuwa mwanamke pekee. Siku ya kwanza alipojitambulisha, mzee mmoja alisema, "Ai, hata wewe? Si ni wewe ulioka keki ya mtoto wangu?" Watu wakacheka. Nadhani hawakucheka kwa ubaya.

"Nilikaa na hawa hawa wanaume kwa chang'aa," aliniambia tulipotoka. "Sasa nikae nao tena kwa maji? Wananijua, mdogo wangu. Kuna wengine wananijua vibaya."

Hakurudi kwenye kikundi. Baada ya muda akarudia pombe, kisha hospitali, kisha pombe. Nilizoea kunusa kikombe chochote kilichoachwa mezani. Mume wangu, mtu mpole, alianza kukawia kazini, na sikuweza kumlaumu. Mama alikuwa akipiga simu kila jioni na kuuliza swali moja tu, "Amekula?" Hakutaka kuuliza lile lingine.

Ni yule mshauri aliyetuambia habari za watawa fulani, mbele ya Malakisi, waliokuwa na nyumba ya wanawake tu. Wana muuguzi, alisema, na wanashirikiana na hospitali, lakini vitanda ni vichache mno, mpaka mmoja atoke ndipo mwingine aingie. Nilipiga simu. Sista akaniambia niwe nampigia kila Jumatatu.

Kila Jumatatu kabla ya kufungua cherehani nilipiga. "Bado, mama. Tuombeane." Kuna Jumatatu nilizopiga dada akiwa amelala chumba cha pili amejitapikia. Kuna nyingine sikujua alipo. Niliwahi kujikuta natamani mwanamke nisiyemjua, kule Malakisi, apone haraka au ashindwe haraka, mradi atoke kitandani.

Kitanda kilipopatikana, hospitali ilimtuliza mwili kwanza, na kutoka hapo tukaenda moja kwa moja. Ni nchi ya tumbaku ile, na majani yalikuwa yananing'inia kwenye mabanda ya kukaushia kando ya njia. Dada alitazama nje tu. Sista mkubwa alimpokea kwa mikono miwili, akampekua mkoba bila kumwonea haya, akatoa chupa ya dawa ya kusukutua mdomo kwa sababu ilikuwa na spiriti. Aliniruhusu kumkumbatia. Mwili wake ulikuwa mwepesi kama gunia tupu.

Mara ya kwanza kumtembelea alikataa kuniona. Mara ya pili alinilaumu kwa kila kitu, kuanzia utotoni. Mara ya tatu tulikaa kwenye benchi tukamenya viazi vya jikoni, na alinieleza mambo ambayo hayatatoka kwangu. Alikuwa amenenepa. Mikono ilikuwa imetulia. Nilipomwambia Mama kwenye simu, nilimsikia anaimba kwa sauti ya chini.

Muda wake ulipoisha nilikwenda kumchukua nikiwa nimemshonea gauni. Nilimkuta amevaa aproni.

"Nimemwomba sista nibaki niwe mpishi," alisema. "Amekubali."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani wapi? Ile nyumba yangu ya Kitale ina watu wengine. Kwa Mama, pombe inapikwa nyuma ya ua, unaisikia ikichemka. Kwako, mume wako ana bia yake ya Jumamosi, na ni haki yake." Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kupima kila upande. "Hapa nikiamka usiku na kiu, kuna mtu wa kuamsha."

Nilimwachia gauni. Mama alipouliza, nilisema amepata kazi. Ilikuwa kweli, lakini Mama alielewa. Alikuwa amekwisha kumtengenezea chumba, amebandika na kalenda mpya.

Mama alifariki msimu wa kuvuna mahindi, moyo ulisimama akiwa shambani. Nilikwenda Malakisi mwenyewe, kwa sababu habari kama ile haipelekwi kwa simu. Dada alikaa chini palepale jikoni. Alilia mpaka sista akaja kumshika. Alipotulia nilimwambia gari linangoja.

"Siendi," alisema.

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Kutakuwa na matanga. Wajomba wataleta busaa, vijana watakuwa na zao nyuma ya nyumba. Kila mtu atanishika mkono, na kila mkono utanukia. Mdogo wangu, nikienda kumzika Mama, sitarudi hapa."

"Nitakaa na wewe. Sitakuacha hata dakika."

"Utakuwa unalia. Utaniangaliaje?"

Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia Mama alimsugua miguu. Alikubali kwa kichwa, machozi yakimtoka, lakini hakuinuka. Sista alinitazama tu, hakumshawishi upande wowote. Nilirudi peke yangu.

Tulimzika Mama Naitiri, na mtoto wake wa kwanza hakuwepo. Watu waliuliza kwa sauti. Shangazi yetu alisimama mbele ya waombolezaji akasema ati kuna watoto wanaosahau titi walilonyonya, na mimi, niliyejua, sikusimama kumjibu. Jioni nilipita nyuma ya jikoni nikawakuta wajomba wamezunguka chungu cha busaa na mirija yao mirefu, wanakumbuka vichekesho vya Mama, wanacheka na kulia. Mmoja akaniita, "Kuja ukae, mayi." Hawakuwa na ubaya wowote. Nilisimama pale nikaona mahali ambapo dada angekaa.

Hata hivyo hasira haikuniisha. Ilinichukua muda mrefu kurudi Malakisi. Katika muda huo nilianza kupigiwa simu na wanawake nisiowafahamu, wamepewa namba na yule muuguzi au na mteja wangu wa sare, wananong'ona kwanza, wakisema ni kwa ajili ya rafiki. Ninawaambia wasiache ghafla, waende hospitali. Ninawaambia waulize daktari anakuja lini, na mlango una komeo au hauna. Ninawaambia kuhusu Jumatatu. Wengi hawapigi tena, na sijui walifika wapi.

Nilipokwenda hatimaye, dada alinipa kiti akaendelea kuchochea sufuria ya maharagwe ya watu wa nyumba ile. Alikuwa na mvi ambazo sikuzikumbuka.

"Walimlaza upande gani?" aliuliza.

"Kando ya Baba. Upande wa miti ya kahawa."

"Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha kidogo, wakati wa kufukia."

Aliitikia kwa kichwa. Aliuliza nani aliongoza nyimbo, nikamwambia. Aliuliza kama watu walimsema, nikamwambia hapana. Alijua ni uongo, akanimiminia chai. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya sala ikalia, naye akafuta mikono, akaniambia ni lazima aende, wanawake wapya wawili wameletwa, na mmoja wao hataki kula.

"Ukija tena," alisema, "uniletee udongo kidogo wa kaburi. Hata kwa kitambaa tu."

Nilimwambia nitaleta. Bado sijapeleka.