Mfupa Usio na Chuma

Katika foleni ya kliniki ya mifupa mjini Homa Bay, heshima huenda kwa mwenye picha nzito. Wiki jana mzee mmoja alitoa eksirei yake kwenye bahasha, akaiinua dirishani, nasi sote tukanyoosha shingo. Tuliona bamba la chuma na skrubu nane.

"Hiyo yote iko ndani yangu," alisema, akijigonga paja.

Mama muuza samaki wa Karungu, aliyekaa kando yake, akasema yeye hakuwekewa chuma. Pengo la mfupa wake wa mguu lilijazwa kitu chenye vitundu kama mkate, kilichotengenezwa kwa plastiki na unga wa kauri.

"Mfupa uliota humo ndani, nacho kikayeyuka polepole."

"Kikaenda wapi?"

"Mwili ulikimaliza, jaduong'," akajibu, akimwita mzee kwa Kijaluo.

Mzee akaichukua picha ya mama, akaigeuza juu chini. "Lakini hapa hakuna kitu!"

"Si ndiyo nakwambia."

"Sasa watu watajua aje ulivunjika?"

Kabla hajajibu, mama aliitwa. Akainuka bila kushika kiti, akatembea hadi kwa daktari bila kuchechemea hata kidogo. Mzee aliufuata ule mguu kwa macho mpaka mlango ukafungwa.

"Huyo hakuvunjika sana," akaninong'oneza.

Ningemcheka, ila nami nina skrubu sita mguuni, na bahasha yangu ilikuwa tayari mapajani ikingoja zamu.

"Kweli, mzee," nikamwambia. "Huyo aliteguka tu."