Skurubu Zilizokazwa kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Mpaka leo nikinusa rangi mbichi hasira hunipanda. Nasema ile rangi ya fedha, ambayo maofisi yetu ya miaka ya tisini yalipaka kila kitu mradi tu mgeni rasmi anakuja. Mawe ya njiani yanapakwa chokaa, vigogo vya miti vinapakwa chokaa, choo ambacho hakijafagiliwa mwaka mzima kinafunguliwa na kumwagiwa dawa. Kama kitu kinafanya kazi au hakifanyi, hilo hakuna anayeuliza.

Nilikuwa injinia wa redio katika kampuni iliyokuwa ikisogeza simu za mkononi kutoka Nairobi kuja pande zetu. Juu ya kilima kimoja karibu na Siakago tulipewa nafasi kwenye mnara wa kituo cha redio, na mtambo wetu ukawekwa ndani ya kibanda chao. Balaa ikaanzia hapo. Mtambo wao ulikuwa unanguruma pale pale, na wetu, ambao kazi yake ni kumsikia mtu aliye mbali kwenye shamba lake la muguka, yale majani ya kutafuna, na simu dhaifu mkononi, haukumsikia. Jaribu kumsikiliza mgonjwa anayenong'ona huku kwaya imesimama mlangoni inaimba.

Dawa yake ni chujio, sanduku la chuma linaloruhusu mawimbi ya simu yapite na kuyazuia yale ya redio. La kutoka ng'ambo lilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na kibanda kile kilikuwa na nafasi ya kuweka redio ya nyumbani tu. Nikasema nitatengeneza dogo. Mkubwa wangu wa kazi, mtu wa Meru kama mimi, alicheka mpaka akafuta macho. "Madam, hiyo kitu haiwezi tengenezwa hapa Kinoru. Hapa tunatengeneza sufuria."

Nilitengeneza. Katika karakana yetu ya Kinoru nilikata shaba, nikagawa sanduku vyumba vidogo, kila chumba nikakisimamishia nguzo fupi. Ufupi wa nguzo ndio uliopunguza ukubwa wa sanduku, na ufupi huo una gharama yake: juu ya kila nguzo lazima ishuke skurubu kutoka kwenye kifuniko, isiguse, iache upenyo mwembamba. Upenyo huo ndio unaoamua mawimbi gani yapite. Ukizungusha skurubu kidogo tu, umehamisha mlango. Kwa hiyo skurubu zangu hazikulingana. Nyingine ilizama, nyingine ilichomoza, na kila moja niliifunga kwa nati pale ilipotaka yenyewe.

Kilimani lilifanya kazi. Nilipiga simu nikiwa sokoni Siakago, na Nairobi walinisikia kama niko chumba cha pili. Tulikubaliana, mimi na mkubwa: likifanya kazi siku ya ufunguzi, vilima vingine vyote nitavitengenezea mimi. Lisipofanya, narudi kufukuzana na nyaya zilizokatika. Nilikuwa nimesomea kubuni vitu, na nyaya zilikuwa zimenichosha roho.

Nikaenda nyumbani Githongo kwa Jumapili moja, kuwasaidia wazazi kuchuma kahawa. Jumapili moja tu!

Niliporudi siku ya ufunguzi, hema lilikuwa limesimama, kwaya inajipanga, mbuzi wako motoni, na mawe meupe yamepanga mstari mpaka kileleni. Mkubwa alinipokea kwa tabasamu. "Tumekusaidia kazi, madam. Ile sanduku yako tumeipaka rangi. Na zile skurubu zilikuwa zimesimama kama nywele ya mtu ametoka kulala, tumezikaza zote zikalingana. Mgeni asione kama kazi haijaisha."

Nilitoa bisibisi mfukoni. Nikamwambia anipe ufunguo wa kibanda, nitazirudisha, aanze na hotuba. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usituaibishe. Mgeni ako kwa geti." Ufunguo ukabaki mfukoni mwake, nami nikasimama nyuma ya wanakwaya na bisibisi yangu mkononi, nikingoja aibu niliyoijua inakuja.

Mgeni rasmi alikata utepe, akavuta antena ya simu, akampigia mkewe Nairobi mbele ya umati. Kwa kuwa alisimama chini ya mnara, simu ilipita. Sauti yake haikupita. Saa hiyo redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo, na hicho ndicho mama wa watu alichosikia sikioni mwake. Alipiga kelele mpaka sisi tuliokuwa mbali tukamsikia: "Ni nani amekufa? Sema ni nani!" Mgeni akawa anapaza sauti, "Hakuna mtu amekufa! Ni mimi!" na mke analia. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji aliugua.

Mkubwa alishika maikrofoni, akaomba radhi, akaeleza kwamba chombo kile kilikuwa cha kienyeji, cha majaribio, kilichotengenezwa na kijana wetu. Kidole chake kikanielekea. Skurubu hakuzitaja.

Walipoondoka kwenda kula nyama, mlinzi alinifungulia kwa ufunguo alioachiwa. Nilikwangua rangi, nikalegeza skurubu, nikazirudisha moja moja mpaka sauti ya redio ikatoweka. Nikamfuata mkubwa mezani, nikampa simu, nikamwambia piga popote. Hakuigusa. "Wacha tu, madam," alisema akitafuna. "Mgeni ameshaona."

Nikarudishwa kwenye nyaya. Chujio la ng'ambo likaagizwa, na lilipofika ukuta wa kibanda ukabomolewa ili liingie. Niliitwa kusaidia kubeba. Tulipong'oa mbao za sanduku, niliona kifuniko cha chujio lenyewe, nikasimama. Skurubu zilikuwa zimejaa juu, nyingine imezama, nyingine imechomoza, hakuna mbili zilizolingana.

Mkubwa alizitazama. Kisha akawaita walinzi, mtu wa kupaka rangi na mfagiaji, akainua kidole.

"Hizi skurubu mtu yeyote asiguse," alisema. "Hizi zimewekwa na wataalamu."

Na aliyemtazama kwanza aliposema hivyo ni mimi.