Gari Jekundu la Baba Mutua

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunikalisha chini: ngozi ya kiti iliyopigwa na jua, ikichanganyika na kinyesi cha kuku. Juzi niliipata nje ya gereji moja pale Makindu, viti vikuukuu vimeanikwa na jogoo amejitwalia kimoja, nikasahau nilikuwa naenda wapi. Nilikuwa tena kwetu, karibu na Malili, ndani ya kibanda cha nyasi lilimokaa gari la Baba.

Lilikuwa gari jekundu la viti viwili tu, fupi hata mbwa wetu alichungulia dirishani bila kujinyoosha. Baba hakujua kuendesha, na injini ilikuwa imekwama zamani. Kuku walitagia nyuma ya viti. Mimi na wenzangu tuliliendesha hadi Mombasa kila Jumapili baada ya kanisa na, msinicheke, kuna siku tulifika.

Mama hakuwahi kuketi ndani yake. Lakini kila Jumamosi alichukua karai na kitambaa akaliosha, tena si lote. Aliosha upande mmoja wa mbele, penye madigadi iliyobonyea kando ya taa. Akimaliza alichovya kidole kwenye mafuta ya kupikia, akapaka pale pasishike kutu. Mwaka ule wa mahindi ya manjano, mvua ilipotunyima na boma la ng'ombe likabaki tupu, sisi tulikula muthokoi mkavu, mahindi ya kukoboa yasiyo na tone la mafuta, lakini gari lilipata mafuta yake. Nilimchukia mama yangu kwa hilo. Niliamini analipenda gari kuliko sisi.

Jambo jingine lililonikera lilikuwa la majina. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, awe hai au marehemu. Mama alimwita Baba "Baba Mutua", naye Baba akamwita "Mama Mutua". Mutua alikuwa kaka yangu ambaye sikumwona. Nilijua tu kwamba alifia barabarani akitoka shule, kabla sijazaliwa. Mimi Mwende niliyemfuata, mzima, mwenye mdomo wa kuitika, hakuna aliyeitwa kwa jina langu. Niliona ni dhuluma, mtu aliye kaburini kunizidi cheo.

Basi katika njaa ile, mdogo wangu Kyalo alipoanza kuvimba miguu, akaja dalali wa magari kutoka Nairobi. Sijui nani alimwambia habari zetu. Alilizunguka gari, akapiga magoti penye vumbi, akasoma namba zilizochongwa kwenye chuma, kisha akavua miwani na kuipangusa kama mtu aliyeona maiti ikifufuka. Alisema magari ya aina ile yalitengenezwa machache, na yuko tajiri ng'ambo anayelitaka. Ila gari kama lile huuzwa pamoja na historia yake: nani alilimiliki kwanza, lilifikaje kwetu, kila mkwaruzo ulitoka wapi. Alipiga picha hata kuku aliyekuwa anaatamia.

Baba alitoa kitabu cha gari kutoka sandukuni, kimefungwa kwa karatasi ya nailoni. Jina la mzungu fulani lilikuwa la kwanza, la Baba likafuata.

"Huyu mzungu alikupa gari kwa nini?" dalali aliuliza.

"Alikuwa anarudi kwao," Baba akajibu, na hilo halikuwa uongo.

Kisha dalali akaweka kiganja kwenye madigadi iliyobonyea.

"Na hapa, mzee? Niambie ukweli. Kama hii gari iliua mtu, mwenye kununua hataki. Anaogopa mambo ya damu. Mimi nitafunga faili niende zangu."

Ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa amesimama nyuma ya gari, kitambaa mkononi, maji yakidondoka. Baba alimtazama Kyalo aliyekuwa ameegemea ukuta wa nyumba, hana nguvu ya kufukuza nzi.

"Iligonga mbuzi," Baba akasema.

"Mbuzi ya nani?"

"Yetu."

Dalali akaandika.

"Baba Mutua," Mama akaita. Baba hakugeuka. Mama akatundika kitambaa kwenye kioo cha gari, akaingia jikoni.

Lori lilikuja, wanaume wakalivuta gari juu kwa kamba, kuku wakatawanyika wakipiga kelele za kufukuzwa nyumbani. Juma lile tulikula chakula chenye mafuta. Miguu ya Kyalo ilinywea polepole, na leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Njaa mwana malegeza, walisema waliotutangulia, nami sitamhukumu mtu kwa lililomlegeza.

Jioni ya siku gari lilipoondoka, Mama aliweka sahani mbele ya Baba akasema, "Baba Mwende, chakula."

Niliruka! Nilikimbia kuwatangazia majirani kwamba sasa ni mimi. Niliporudi, mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya sahani, haujamega kitu. Majirani waliendelea kumwita Baba Mutua, lakini Mama hakulirudia tena jina lile kwake. Yeye mwenyewe alibaki Mama Mutua, na ukimwita vingine hakuitika.

Nilikuwa nimeshaolewa shangazi aliponieleza. Yule mzungu alikuja kwa kasi, akamgonga Mutua kando ya barabara. Kwetu damu hulipwa kwa ng'ombe. Mzungu hakuwa na ng'ombe, akaacha lile gari, akaenda kwao. Hapo ndipo nilipoelewa zile Jumamosi. Pale palipobonyea ndipo mtoto wake alipogusa mara ya mwisho, na Mama alikuwa akimwogesha.

Sasa huko ng'ambo pamenyooshwa na kupakwa rangi, na katika historia ya gari Mutua ameandikwa mbuzi.

Baba alifariki akiwa bado Baba Mwende kwa mkewe. Nami niliyedhani nimepandishwa cheo, kumbe jina langu lilikuwa fimbo. Baba alichapwa nalo kila jioni mbele ya chakula, na mimi nikiwa pale nacheka kwa furaha.